Tone Juu ya Jani la Gimbi

Treni ilitakiwa kufika Ifakara alfajiri, ikafika jioni. Tuliposhuka hakuna aliyelalamika, kwa sababu malalamiko yote tuliyamalizia Mlimba, tulikosimama kutwa tukisubiri kichwa kingine cha treni kije kutuvuta. Pale Mlimba watu walinunua ndizi na wali wa kufungwa kwenye mifuko, wakafua nguo za watoto kwenye bomba la stesheni na kuzianika madirishani mwa mabehewa. Nguo zilikauka, zikaanuliwa, sisi tukaendelea kusubiri.

Nilikuwa nimepandia Tunduma nikiwa na begi la nguo na begi la kamera. Mama mmoja aliyekaa mkabala nami aliniuliza ninakwenda kwa nani.

"Siendi kwa mtu, mama. Nakwenda kazini."

"Kazi gani, baba?"

"Kupiga picha."

"Za harusi?"

"Za matone ya maji."

Alinitazama kidogo, kisha akaliondoa begi lake miguuni pangu na kulihamishia upande wa dirisha. Sikumlaumu. Hata kwangu mimi maneno yale yalikuwa mapya kinywani.

Wakati huo nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini na sikuwa na mahali. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kupiga picha za pasipoti kwenye studio ya mjomba wangu Singida, na tangu hapo nilikaa Mpanda, Sumbawanga, Mbeya na Tunduma, kila mahali kwa muda wa kutosha kujua chai nzuri inauzwa wapi. Nina ugonjwa mmoja: mji ninaokaa siuoni vizuri mpaka niwe nimeuacha. Nikiwa Mbeya niliota Mpanda. Nikiwa Tunduma niliikumbuka baridi ya Mbeya kama mtu anavyomkumbuka mzazi. Pale Tunduma nilikuwa nikiwapigia wauza madini picha za vito, punje ndogo zinazotaka lenzi ya karibu na mkono usiotetemeka, na mteja mmoja ndiye aliyemwambia dada yake, mtafiti wa chuo kikuu, kwamba kuna mtu anayeweza kupiga picha ya kitu kidogo kama punje ya mchele ukaona hadi mikwaruzo yake. Mtafiti akanipigia simu. Alisema kazi ni ya msimu mmoja, na kama vipimo vitatoa jambo la maana itaongezwa, na mpiga picha ataajiriwa kwa miaka.

Kwa miaka. Nilisafiri na maneno hayo njia nzima. Nilikuwa nimechoka kuhama, ila sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Mtafiti alinipokea stesheni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye maneno ya haraka, na gari dogo kuukuu lililojaa vifaa hadi kwenye kiti cha mbele.

"Pole na safari, kaka. Nimekusubiri tangu asubuhi, kitabu nilichokuja nacho nimekisoma chote nikakirudia."

Alikuwa amenitafutia chumba mjini, kwenye nyumba iliyopakana na mashine ya kukoboa mpunga. Mashine ilinguruma tangu kunapambazuka, na vumbi la pumba liliingia hadi ndani ya chandarua. Usingizi wangu wa miezi ile ulikuwa na harufu ya mchele mpya.

Alinieleza kazi siku iliyofuata, tukiwa tunakunywa supu. Nyumba nyingi za bondeni zimejengwa kwa tofali za udongo. Mvua kubwa zikija na mto ukafura, ukuta unakunywa maji kuanzia chini, unavimba, halafu unalala. Yeye na profesa wake walitaka kutengeneza rangi ya bei nafuu ya kupaka ukuta ili maji yasishike, na mwalimu wao alikuwa jani la gimbi. Aliyekulia karibu na kijito amewahi kulichezea. Ukilimwagia maji halilowi. Maji yanajikusanya kuwa gololi, yanakimbia huku na huko, yanadondoka yakiwa yamebeba vumbi, na jani linabaki kavu kana kwamba halikuguswa. Alitaka kujua jani linaweza kufanya hivyo kwa muda gani, tangu linapokunjuka hadi linapogeuka njano, likipigwa na jua la bonde na vumbi lake.

"Jani linajisafisha lenyewe," alikuwa akipenda kusema. Aliwaambia hivyo hata watu waliomwuliza njia.

Magimbi tuliyapata nyumbani kwa mama mmoja mjane, wa kabila la Wandamba, kwenye kijiji kilichoko kando ya barabara ya kwenda Mbingu. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mfereji usiokauka hata kiangazi, na magimbi yalisimama kandokando yake, majani mapana kama masinia. Mtafiti alichagua majani yaliyokuwa ndiyo kwanza yanakunjuka, akafunga uzi mwekundu kwenye kila kikonyo, ili tuyafuate yale yale mpaka mwisho wa maisha yake. Hatukuyakata. Tulisogeza kimeza karibu na mmea, tukalilaza jani juu yake taratibu, tukalishikiza pembeni kwa vibanio vya nguo tulivyovizungushia pamba.

Kupima kwenyewe ni kazi ya kuchosha macho. Kwanza kimeza kinasawazishwa kwa pima maji, ile ile ya mafundi ujenzi. Kamera inakaa usawa wa jani, taa inakaa nyuma ya karatasi nyeupe, ili tone lionekane jeusi lenye ukingo safi. Halafu mtafiti anasukuma bomba la sindano polepole mpaka tone linaning'inia. Hapo ndipo taabu inapoanza, kwa sababu jani halilitaki tone, na sindano inalitaka. Unaligusisha tone kwenye jani, ukiinua sindano linainuka nayo. Unaongeza maji, linakuwa zito, linaachia, na kabla hujabonyeza kitufe limeshakimbia na kukuangukia miguuni. Likikubali kutulia, unapiga. Pichani linaonekana karibu duara zima, limekaa juu ya jani kama gololi juu ya meza, limegusa padogo tu. Tunachopima ni pembe ya pale linapogusa, na hapo ndipo pagumu kuliko pote. Ukingo wa tone unaingia kwenye kivuli chake wenyewe, na mstari wa chini ukiuweka juu au chini kwa unene wa unywele, jibu linabadilika.

"Kaka, umeuweka juu."

"Huo ndio uso wa jani, dada. Chini ya hapo ni kivuli."

"Kivuli gani kina mishipa?"

Baada ya picha tunakiinamisha kimeza kwa skrubu, kidogo kidogo, mpaka tone linapoanza kuteleza. Jani zima la gimbi halihitaji kuinamishwa sana. Hata ukilipumulia, tone linaondoka. Mwisho mtafiti anaongeza maji ndani ya tone, kisha anayanyonya tena kwa sindano. Kwenye jani zuri tone linanywea likiwa duara hadi linaisha. Kwenye jani baya linang'ang'ania palepale na kuwa bapa kama chapati. Tulifanya hivyo kila Jumanne na Ijumaa, asubuhi, kabla upepo haujaanza. Lori la mpunga likipita barabarani tone linatetemeka, tunaanza upya. Kufikia saa nne shingo ilikuwa haigeuki na jasho lilikuwa limeingia kwenye kioo cha kamera.

Mama mwenyeji alitupokea kila mara kama watu waliotoka mbali sana, ingawa tulitoka Ifakara tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mmeamka salama? Haya, majani yenu yapo, hayajaenda popote."

Kijiji chote kilimwita mtafiti dokta, na wengine walimletea meno yao ayatazame. Siku moja mzee wa Kisukuma, aliyekuwa akipitisha ng'ombe ng'ambo ya mfereji, alisimama akaegemea fimbo.

"Dokta, jani linaumwa?"

"Hapana, mzee. Tunapima maji."

"Mto wote ule, ninyi mnapima tone?"

"Tone ndilo lenye habari, mzee."

"Basi likiwaambia mvua inakuja lini, mniite. Ng'ombe wananiuliza kila siku."

Mama akamjibu kutoka jikoni: "Na wewe ng'ombe wako wakikuambia nani alikula magimbi yangu juzi, uniite!"

Mzee alicheka, akapiga mluzi, akaenda zake.

Ilikuwa katika siku zile za mwanzo ambapo mtafiti aliinama juu ya jani, akalipuliza, akasema, tena bila ubaya wowote, kwamba vumbi la barabarani ni jingi mno na litatupa shida. Mama alikuwa amesimama karibu ameshika sufuria. "Utusamehe, mwanangu, barabara yetu ndivyo ilivyo," akasema. Mtafiti akamwambia hakuna neno. Tukaendelea na kazi.

Baada ya wiki kadhaa matone yalianza kubadilika. Pembe zilishuka. Kimeza tulikiinamisha zaidi na zaidi, na tone lilibaki limeng'ang'ania, likivutika kwa chini kama kamasi ya mtoto. Mimi nilidhani tumeharibikiwa. Mtafiti alifurahi. Ilinishangaza kumwona mtu akifurahia kitu kuharibika, lakini alinieleza: waliomtangulia wote waliamini jani la gimbi hubaki hivyo karibu maisha yake yote, na hapa lilikuwa likichoka lingali kijani kibichi. Kama vumbi na jua la bonde vinakula ile nta laini iliyo juu ya jani mapema hivyo, basi rangi yao ingepaswa kufikiriwa upya kabisa. Akamtumia profesa picha na michoro. Profesa akapiga simu tukiwa garini, na mtafiti akaweka sauti ya juu ili nami nisikie. Alisema hilo ni jambo jipya. Alisema wafadhili wanalisubiri, aandae msimu wa pili na wa tatu, na mpiga picha asiondoke.

"Umesikia, kaka?"

"Nimesikia."

Jumamosi ile nilikwenda kwa seremala nikaagiza kitanda cha mtiki. Maisha yangu yote nilikuwa nimelala kwenye vitanda vya wenye nyumba, vitanda vyenye mabonde ya miili ya watu nisiowajua. Hiki kilikuwa changu. Nilipokilalia mara ya kwanza mgongo uliuma, kwa sababu haukuzoea mahali palipo sawa.

Na mji nikaanza kuuona ningali ndani yake, jambo ambalo halikuwahi kunitokea. Niliona jinsi wanawake wanavyobeba kambale waliokaushwa, wamepangwa kwenye ungo vichwa vikitazama nje. Niliona baiskeli zinavyosukumwa zikiwa na magunia ya mpunga marefu kuliko msukumaji. Niliwajua kwa sura wauza maandazi watatu na nikawa na yule mmoja ambaye nilimwambia, "Yale ya jana," naye akaelewa. Nilianza hata kulalamikia joto kama mwenyeji, yaani kwa kujivunia.

Mvua ilichelewa mwaka ule. Ilipokuja ilitukuta Ijumaa, tumeshafungasha vifaa, na mama akatuita chini ya upenu na kutupa vigoda. Ilinyesha kwa nguvu, mvua ya kwanza, yenye harufu ya udongo uliokaangwa. Magimbi yalikuwa yakicheza. Mtafiti akainuka ghafla kwenye kigoda.

"Kaka, tazama."

Nikatazama. Majani yasiyo na uzi yalikuwa yakirusha maji. Matone yaliyaangukia, yakadunda, yakaviringika, yakaruka kama mahindi kwenye kikaango. Majani yenye uzi mwekundu yalikuwa yamelowa. Maji yalitanda juu yake na kuyainamisha kwa uzito. Yalikuwa majani ya umri mmoja, yamekulia kwenye mfereji mmoja, yamepata jua na vumbi lile lile.

"Labda ni vibanio," nikasema.

"Vibanio vinashika pembeni. Limelowa lote." Akamgeukia mama. "Mama, haya majani ya uzi kuna mtu anayagusa?"

"Nani ayaguse? Nayalinda mwenyewe. Hata kuku hawapiti."

"Na wewe?"

"Mimi nayaosha tu."

Mvua iliendelea kupiga bati. Mtafiti aliuliza tena, polepole, kana kwamba neno lenyewe lingeweza kumponyoka.

"Unayaosha?"

"Siku mnazokuja, kabla hamjafika. Na si kwa maji matupu, mwanangu! Kwa sabuni. Jani moja moja, juu na chini, kwa kitambaa changu laini. Si ulisema vumbi ni shida? Mgeni atoke mjini kuja kutazama majani yangu, nimpe na uchafu wake? Kikombe nakuoshea, jani nisikuoshee?"

"Lakini mama, nilikuambia haya ni majani yanayojisafisha yenyewe."

Mama akacheka hadi akashika ubavu. "Uliniambia. Nikajua hayo ni maneno ya shule. Mimi mpaka kuzeeka huku sijaona kitu kinachojisafisha. Ukiona pasafi, jua kuna mtu aliinama. Hata uzi wenu ulikuwa umechafuka, nikaufua."

Mtafiti alimshika mkono. "Asante, mama. Umejitaabisha sana."

"Taabu gani? Kunyweni chai, mvua hii haiishi leo."

Tulikunywa. Sikumbuki ladha yake.

Garini alinieleza kile ambacho nilishaanza kukielewa: kitambaa kilisugua nta, na sabuni iliyobakia ikayaalika maji yakae. Hatukuwa tumepima uchovu wa jani. Tulikuwa tumepima ukarimu wa mama, kila Jumanne na kila Ijumaa. Aliyasema haya huku akiendesha, pua ikikaribia kugusa kioo, maana vipangusio vya gari vilikuwa vibovu.

"Dada," nikasema, "nani atajua?"

Alivuka kwanza daraja dogo lililokuwa limefurika.

"Kuna mtu mahali fulani atapaka ukuta wake kwa kutegemea picha zako, kaka. Sisi tutakuwa tumemkinga na vumbi, wakati vumbi halina kosa."

"Najua."

"Leo hii nitamwandikia profesa."

"Najua."

Najua, nikasema, huku nikikifikiria kile kitanda.

Profesa alijibu kwa upole mkubwa. Alimsifu kwa ukweli. Alimwambia amalizie muda uliobaki kwa kupima majani ambayo hayakuoshwa, na kwamba kuhusu msimu wa pili asiwe na matumaini. Mtafiti alihamisha uzi kwenye majani mengine. Mama alimwona.

"Mbona mnahamisha? Yale yamewakosea nini?"

"Hayajakosea, mama. Ila haya mapya usiyaoshe. Yaache hivyo hivyo na vumbi lake. Ni kosa langu, sikukueleza tangu mwanzo."

Mama alitazama uzi, akatazama kamera, akanitazama mimi. "Kumbe ni sabuni," akasema, na akarudi jikoni.

Tangu siku hiyo hakuja tena kusimama karibu nasi. Alitenga chai juu ya kigoda, akafunika vikombe kwa sahani, akaingia ndani. Mzee wa ng'ombe alipopita na kututania kwamba tone letu limechelewa kumwambia habari ya mvua, hakuna sauti iliyomjibu kutoka jikoni. Alisubiri kidogo, akapiga mluzi, akaondoka.

Majani mapya yalikuwa mazuri ajabu. Kila tone liliviringika. Kimeza tukikigusa tu, limeshakwenda. Nilipiga picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, tone duara kabisa, ukingo wake mkali kama umechorwa, hata ubishi wa mstari ukaisha. Na kila picha iliyotoka vizuri ilikuwa ikirudia jambo linalojulikana na kila mtu tangu zamani, kwamba maji hayakai kwenye jani la gimbi. Hakuna mfadhili wa kuongeza msimu kwa habari hiyo. Nilifanya kazi ile kwa uangalifu hadi siku ya mwisho, na sijawahi kuchoka kwa kazi kama nilivyochoka wiki zile. Mto ulipopanda, mfereji ukafurika, magimbi yakazama mpaka shingoni, tukakunja miguu ya kamera.

Mtafiti aliondoka kwanza. Aliniachia lenzi moja na begi la kuihifadhia. Alisema akipata mradi mwingine nitakuwa wa kwanza kupigiwa, na najua alimaanisha. Nikabaki Ifakara kwa muda, nikajaribu kurudi kwenye picha za pasipoti, lakini siku hizi kila mtu ana simu na kila duka la vifaa vya shule linapiga na kuchapa. Nilikaa kibarazani siku nzima na ubao wangu. Aliyekuja zaidi ni mwenye nyumba, akiuliza hali.

Nilipoamua kwenda kumuaga mama nilipanda pikipiki hadi kijijini. Maji yalikuwa yameshuka na kuacha mstari wa tope kwenye kuta zote. Ukuta mmoja wa jirani ulikuwa umelala. Mama alikuwa ananisubiri, sijui nani alimwambia ninakuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo. Kwanza nijibu. Ni kwa sabuni yangu umekosa kazi?"

"Hapana, mama. Fedha za mradi ziliisha."

"Usinidanganye, baba. Dokta alisema nami kwa upole sana siku ile. Upole wa namna ile mtu hapewi bure."

Akainuka, akanionyesha mlango wa chumba cha pembeni.

"Hiki ni cha mwanangu. Yuko Dar, haji, na akija atalala na mimi sebuleni, ni mwanangu. Shamba la mpunga lipo, nusu yake haijalimwa tangu mzee wangu alipofariki. Wewe una mikono na huna kwenu, uliniambia mwenyewe. Hamia hapa. Lete na kile kitanda chako ulichokuwa ukinisimulia."

Nilichungulia. Sakafu ilikuwa imetoka kukandikwa, bado inang'aa kwa unyevu. Mlangoni alikuwa ametundika kanga mpya iwe pazia, mikunjo ya dukani ikionekana. Dirishani hapakuwa na hata utando mmoja wa buibui. Nilisimama pale nikavuta harufu ya udongo mbichi, na niseme kweli, miguu yangu ilikuwa imeshakubali. Miaka yote nilikuwa nikitamani mtu aniambie, kaa.

Kisha nikamgeukia. Alikuwa amelishika pazia kwa mkono mmoja, ananitazama usoni kama mtu anayesubiri hukumu isomwe. Nikaelewa kwamba hakuwa akinikaribisha. Alikuwa akinilipa. Kila asubuhi ambayo ningeamka ndani ya chumba kile angeniona na kuikumbuka sabuni, na angeinama tena kufagia ambapo pameshafagiliwa. Ningekuwa mgeni wake mpaka mmoja wetu afe.

"Mama, hukunikosea kitu."

"Basi kaa."

"Siwezi, mama."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimechoka, mama. Sijui tofauti yake."

Aliachia pazia. Hakulia wala hakukasirika. Aliuliza tu kama nimekula, nikasema bado, akanipakulia wali na kambale, na safari hii alikaa nami chini, tukala sahani moja. Aliniambia habari za mafuriko, nani amepoteza kuku, nani ameokoa mlango wake kwa kuufunga kwenye mti. Alisema mzee wa Kisukuma amehama na ng'ombe wake, kwa sababu huku kumeanza kubana. Tulipomaliza alinisindikiza hadi barabarani, akasimama na mimi mpaka pikipiki ikapatikana, akabishana na dereva kuhusu nauli kana kwamba anailipa yeye.

Nikauza kitanda kwa mwenye nyumba. Siku niliyoondoka kabisa nilifika stendi kabla ya jua, nikakaa kiti cha nyuma ambako begi la kamera lingeweza kukaa mapajani. Basi lilijaa taratibu: magunia ya mchele chini ya viti, kuku wawili, mwanafunzi aliyekuwa akilia kimyakimya, mama yake akimpungia kwa nje huku naye akitazama pembeni. Tulipotoka mjini mashamba ya mpunga yalikuwa yameiva pande zote, na watu walikuwa wameshaingia kuvuna, wameinama mistari mistari. Hakuna aliyeinua kichwa kutazama basi.

Konda alikuja kukusanya tiketi. Alikuwa kijana mchangamfu, meno yote nje.

"Mzee, tiketi yako inaishia Mikumi. Pale unaunganisha kwenda wapi? Nikuwahishie gari."

"Iringa," nikasema.

"Jana wakati unakata uliniambia Morogoro."

"Basi Morogoro."

Akacheka, akampiga abiria wa pembeni begani ili naye acheke. "Mzee, pale Mikumi barabara ni mbili tu, huku au kule. Chagua moja, watu wanakungoja nyumbani."

"Nitachagua tukifika."

"Haya, mzee wangu. Pumzika basi."

Nikaegemeza kichwa kwenye kioo, ambacho kilikuwa kikitikisika. Nilikuwa nimekusudia kuliangalia bwawa la Kidatu na mashamba yake ya miwa, kwa kuwa nilipokuja nilipita kwa reli na sikuyaona. Lakini usingizi ulinichukua mapema, na nilipoamka tulikuwa tumeshapita Kidatu.